Siku Stoo Nzima Ilipokuja na Mimba

Waombolezaji wenzangu, atakayesikia haya na kusema Nzioka anaongeza chumvi kama kawaida yake, aende sokoni mjini Wote aulize. Ndugu yangu Mulei ana digrii, lakini familia imenipa karatasi ya wasifu mimi niliyeachia shule kidato cha pili, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba, na pia sauti yangu haihitaji spika.

Marehemu mama yetu, Mumbua Nyamai, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1976 huko Kabati, Kitui, akasoma hadi darasa la nane, akaolewa na baba yetu hapa Makueni tarehe 21 Desemba 1996, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuchambua ndengu, yaani choroko, katika stoo moja pale Wote.

Kazi ilikuwa hivi, Ijumaa magunia yanafunikwa turubai na kuwekewa dawa ya wadudu, Jumatatu akina mama wanaingia kufagia harufu ikiwa bado iko, na mwenye mimba alijibana kwa leso, maana tumbo likionekana anafutwa. Mwaka wa 2019 supavaiza alisema atawapanga mstari awatambue wenye mimba, basi mama akawaambia wenzake wote wajaze leso tumboni, stoo nzima ikaja na mimba, hadi nyanya Syokau wa miaka sitini na tano, ambaye alipoulizwa ni ya miezi mingapi alisema hata yeye imemshangaza. Soko lilicheka, mama hakucheka, alisimama mlangoni akasema hakuna tumbo litaingia kwa dawa, liwe la mtoto au la leso, mpaka afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, aje. Alikuja, akawasomea wenye stoo sheria, wenye mimba wakahamishiwa kushona magunia nje kwa mshahara ule ule, na chumba cha mizani kikawa cha kunyonyeshea.

Mama alijaliwa watoto watatu, mimi, Mulei, na Wayua, ambaye mwaka jana alinyonyesha wake katika chumba hicho. Mama aliugua figo tangu Mei 2024, akatuacha tarehe 9 Machi 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa nasi, na akina mama wa stoo, ambao leo naona mmekuja bila matumbo.

Sasa, kuna sehemu nimeruka. Mimi si kifungua mimba. Mwaka wa 1998 mama alifagia ile stoo akiwa na mimba, mtoto akazaliwa kimya, akazikwa bila jina, na mimi niliyefuata nikaitwa Nzioka, yaani kwa Kikamba amerudi. Watoto ni wanne. Wale mmekalia yale mawe madogo kando ya kaburi, tafadhali inukeni kidogo.

Mama, pumzika, uko karibu naye.