Kidude Kilichomstaafisha Ulimi

Benchi lipo mkabala na geti la kiwanda cha maziwa, na asubuhi hiyo Ulimi alikaa akiwa ameligeuzia geti mgongo. Jina alilipata kazini: kuonja maziwa ya wafugaji na kusema yapite au yarudi. Jana aliambiwa basi, asante. Kimefungwa kidude kwenye bomba. Wenzake wawili wa benchini hawakuthubutu kumtania, na hilo lilimuuma kuliko utani wenyewe.

— Kwani kinaonjaje? aliuliza Bosi, ambaye hajawahi kuajiri hata paka.

— Hakionji, alijibu Ulimi. Kinapiga sauti, ila sikio halisikii. Inapenya maziwa mpaka upande wa pili wa bomba. Kinapima imepita kwa kasi gani, kinajua kama yametiwa maji.

— Basi hiyo ni redio, alisema Fundi Redio. Na inasikiliza. Ulimsema meneja karibu na bomba, ndiyo maana umetoka.

— Mie nasikia watakitia mpaka kwenye vikombe, Bosi akadakia. Ukifika nyumbani, mke anajua ulikunywa kwa nani.

— Hata kwenye damu, alisema Fundi Redio. Daktari anakubana nacho shingoni, anakutajia unayempenda.

— Nyie chekeni tu, alisema Ulimi. Mie nina watoto watatu shuleni.

Ulimi aliona aibu kwa kuwaharibia stori, na hasira kwamba ilikuwa stori kwao.

Ndipo getini akatoka mama mmoja mfugaji, ndoo imejaa vilevile. Akaitua mbele ya benchi.

— Yamerudishwa, kaka zangu. Sijatia hata tone la maji. Namuuliza meneja, ananionyesha namba. Hiyo namba ina maana gani? Ati mtambo ndio unajua. Nimeufokea mtambo, kimya. Sasa mimi nigombane na nani?

Bosi akaangalia viatu vyake. Fundi Redio akaanza kusugua kikombe chake cha kahawa, kikavu tayari.

Ulimi alimjua mama huyo. Kila alipomrudishia maziwa, mama alimtukana mbele ya foleni nzima mpaka koo likamkauka, na siku ya pili wakasalimiana kama ndugu. Akainua uso, akangoja atukanwe.

— Pole, kaka, alisema mama, akajitwika ndoo yake akaenda.