Majitu ya Mwalimu Harub

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, walimu wenzangu, wazazi wa mtaa wetu huu wa Ghubra, na nyinyi watoto mliozivamia sambusa kabla ya dua: assalaam alaykum.

Mimi Masouda ni mtoto wa ami yake Mwalimu Harub, kwa hivyo nna haki ya kumtania, naye hana haki ya kukasirika.

Darasa lake la Kiswahili la kila Alkhamisi alilianzisha kwa sababu wajukuu zetu, ukiwasemesha, wanakujibu Kiarabu. Mwengine angewafundisha majina ya matunda. Yeye je? Kawaletea majitu ya hadithi za watu wa kale wa Kaskazini, huko kwenye barafu! Nikamwambia, "Harub, una wazimu? Sisi huku tunakaangwa na jua." Akanijibu, "Mtoto huishika lugha iliyomtisha na kumchekesha."

Na majitu gani! Mimi nikidhani ni mabaradhuli tu wa kutwangwa nyundo na Thor, mungu wao wa radi. Kumbe mama yake Odin, mkubwa wa miungu yao hiyo, alikuwa binti wa jitu, na Thor mwenyewe kazaliwa na jitu la kike. Miungu na majitu wanaibiana, wanapigana, kisha wanaposana. Harub akiyaita majitu hayo "wajomba". Nani hapa hana mjomba wa namna hiyo? Msitizamane!

Basi jitu moja, Thrym, liliiba ile nyundo ya Thor, likasema halirudishi mpaka liozwe Freyja, mungu wao wa kike mrembo. Thor akavishwa shela, akapelekwa yeye badala yake. Bibi harusi akala ng'ombe mzima! Wiki ile ile aliyowahadithia kukawa na harusi mtaa wa Qurum, na bibi harusi, maskini, akaomba sahani ya pili ya biriani. Wanafunzi wa Harub wakapanda jukwaani, wakamfunua shela kutafuta ndevu. Nani alikwenda kumuomba radhi mama mtu? Mimi!

Lakini walipoulizwa, walijieleza kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Niliomba radhi huku nalia kwa furaha.

Leo macho yamemlazimisha kustaafu, na sisi walimu tulikwishakubaliana darasa lifungwe, maana hapana wa kulishika. Limemuuma. Namjua, tokea asubuhi hata chai hakuigusa.

Harub, ndugu yangu, nisikilize. Binti yako Noof, uliyemsemesha Kiswahili miaka yote naye akikujibu Kiarabu, alinijia jana. Akasema, kwa Kiswahili: "Shangazi, nipeni mimi hao watoto. Hadithi zote za baba nnazo. Nilikuwa nikisikiliza."

Noof, simama mwanangu, baba yako akuone. Darasa halifungwi.

Nakushukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu.