Mtaalamu Huru wa Nani?

Kijiwe chetu ni benchi nje ya duka la Fundi, mshona suti na sare za shule, ambaye huweka cherehani mlangoni asipitwe na ubishi. Wa kudumu wengine ni Balozi, aliyewahi kulinda geti la ubalozi fulani na tangu hapo huongea kama aliyekuwa akikaa ndani. Injinia, fundi wa redio. Na mimi mziba pancha. Kahawa hutuuzia Mama Birika. Asubuhi hiyo redio ya Injinia ilitangaza kwamba taasisi huru ya utafiti wa sera za nje imebaini kuwa nchi rafiki ikijenga kambi ya wanamaji kwetu, sote tutaneemeka. Aliyeandika ripoti ni binti wa Fundi, kifungua mimba wake.

FUNDI: — Mmesikia? Mwanangu huyo! Mama Birika, wamiminie wote.

BALOZI: — Hongera. Ila hiyo taasisi inakula wapi?

FUNDI: — Inakula utafiti.

BALOZI: — Utafiti hauliwi, bwana! Pale getini nilikuwa nawaona hao watafiti. Anaingia na mkoba mwembamba, anatoka na mkoba mnene. Mkono mtupu haulambwi.

INJINIA: — Mkoba wapi! Ni viyoyozi. Wanafungiwa hotelini, baridi inashushwa mpaka meno yanagongana. Mtu anasaini chochote ili akaote jua.

MAMA BIRIKA: — Mimi nasikia ripoti huandikwa kwanza, utafiti unafuata.

BALOZI: — Na zile kalamu wanazogawiwa? Ukiandika "ndiyo" inateleza. Ukiandika "hapana" wino unakata.

FUNDI: — Mwanangu anaandika kwa kompyuta!

BALOZI: — Ndiyo mbaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana wafadhili wanavaa suti za kubana.

FUNDI: — Suti za kubana nashona mimi. Chunga mdomo wako.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama mmoja aliyeleta sketi ya kubadilishwa zipu, mgeni kabisa pale, akainua kichwa.

MGENI: — Samahani, kaka zangu. Kwani nani anaifadhili hiyo taasisi?

FUNDI: — Kampuni ya huko huko nchi rafiki. Watu wakarimu sana.

MGENI: — Inafanya kazi gani?

FUNDI: — Inajenga. Bandari, na... kambi.

MGENI: — Sasa mwanao angeona kambi ni hasara, ripoti ingetoka?

Fundi akaacha cherehani, akachukua simu na kumpigia binti yake, akaweka spika tukasikia sote.

— Mama, ungeona hiyo kambi ni hasara, wangechapisha?

Binti akashusha sauti.

— Niliona, baba. Sura ya vijiji vitakavyohamishwa ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Wakaitoa. Wakasema itawaudhi marafiki.

— Ukakubali?

— Nikanyamaza. Na adhuhuri natakiwa redioni kuisifu.

Fundi akajifuta uso kwa kipande cha bitana.

— Sikulazimishi, mama. Una kodi, una maisha yako. Ila hapa nimejisifu tangu asubuhi. Nilitaka tu kujua nilikuwa najisifia nini.

Adhuhuri hakuna aliyeondoka, hata yule mgeni. Mtangazaji akamkaribisha "mtaalamu wetu huru".

— Samahani, — tukamsikia binti. — Mimi si huru kihivyo. Taasisi yangu inafadhiliwa na kampuni inayotaka kujenga hiyo kambi. Na kuna sura moja iliondolewa. Naomba niwasimulie.

Mtangazaji akababaika, kisha akasema, "Haya, tusimulie." Binti akasimulia kijiji kwa kijiji: shule, visima, makaburi. Alipomaliza, benchi zima lilikuwa limesimama.

BALOZI: — Safi sana! Fadhila ya punda ni mateke!

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba amemtukana binti wa watu.

Simu ya Fundi ikalia.

— Baba, wameniambia nikusanye vitu vyangu.

— Njoo nyumbani.

— Chumba changu si ulikigeuza stoo?

— Ni majora ya vitambaa tu. Yanahama leo.

Fundi alifunika cherehani, akatangulia nyumbani kwake. Tukamfuata, tukabeba majora mabegani, tukafagia, tukafuta vumbi dirishani. Binti alipofika na sanduku lake, macho mekundu, alitukuta tumejazana chumbani tunagombana vikali kitanda kikae upande gani. Akaketi juu ya sanduku, akaanza kucheka.