Sakafu ya Chumba cha Kati

Sikilizeni wanangu, Elpidius na Placida, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mimi mama yenu Kokubanza nimebatizwa, na padri ameshanipaka mafuta. Nisemayo si ya mtu aliyerukwa na akili. Nyumba hii nawaachia nyote wawili pamoja na kibanja chake cha migomba, wala msiigawanye, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Kila apitaye Bugene huisifu: kuta za mawe zilizo nene hata mtu mzima huketi dirishani akakunja miguu, matao ya baraza, dari ya mbao, mabati ambayo Mjerumani aliwabebesha wapagazi vichwani kutoka Bukoba. Wasilolijua ni kwamba aliijenga juu ya kibanja cha ukoo wa baba yenu. Wenyewe walifukuzwa, migomba ikafyekwa, makaburi yakasawazishwa, na hapo ndipo kilipo chumba cha kati. Akamwaga saruji, ikapasuka. Akamwaga tena, ikapasuka palepale, nyufa zenye urefu wa watu waliolala. Akafunga mlango. Vita vikamwondoa, akaja Mwingereza, naye akamwaga yake, kisha akahamia kwingine bila kusema kwa nini. Wakabaki popo, mpaka mkama, mtawala wetu, alipomrudishia baba yenu Rwegoshora, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Siku tuliyohamia, hata moto hatujawasha, baba yenu aliivunja saruji ile kwa jembe akatandaza nyasi mbichi juu ya udongo. Hakunieleza, nami mke mgeni sikuuliza. Lakini kila asubuhi nilipoingia kuzibadili nilizikuta zimelaliwa zikabonyea, na nikizigusa zina joto, kama mtu ameondoka sasa hivi. Wifi yangu Kemigisha alitangaza kuwa mimi ndiye niliyeiloga nyumba. Msameheni, aliogopa tu.

Elpidius, unatikisa kichwa. Hukumbuki. Ulikuwa ndiyo kwanza unajua kusema, nikakukuta mchana kweupe umechutama katika chumba kile, unacheka. Nikasimama mbele yako nikakuuliza, "Unaongea na nani, mwanangu?" Ukajibu, "Na babu Rwezaura. Mama, sogea, anasema unamkanyaga miguu."

Jina lile mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kulisikia. Jioni nilipomweleza baba yenu aliniuliza, "Ulikuwa umesimama wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Ni babu yangu mzaa baba. Basi mtoto hakusema uongo."

Na leo umeleta mifuko ya saruji, eti sakafu ing'ae siku ya harusi yako. Umesoma, baba, nami nilifurahi usome. Siwaambii muwaabudu wafu. Nendeni misa, salini rozari yenu. Lakini mtu aliyefukuzwa kwake akiwa hai, akafukuzwa tena akiwa amelala, msimzibe na mdomo kwa saruji. Tandazeni nyasi, mkiingia mpige hodi, mpite kandokando ya ukuta msiwakanyage. Ni hayo tu wanayoyataka.

Mimi mnizike migombani, kando ya baba yenu. Si humo ndani. Humo wamejaa.

Elpidius, ondoka sasa, itoe saruji ile barazani ningali nasikia. Wape wa kanisa la Kihanga, wao wanajenga. Nenda... Naam. Nausikia mfuko unaburutwa. Ahsante, baba.

Mungu awape watoto, awape mvua kwa wakati wake, mikungu iwalemee... msigombane... mgeni akibisha, ale kwanza ndipo mmuulize atokako... Placida, usilie, mama. Nishike. Hivyo, mkono wa kulia. Kaka yako bado yuko nje, sivyo? Basi huu wa kushoto... nani ameushika?

Hapana, usiangalie. Sogea tu kidogo, mwanangu. Mpishe akae.