Pumzi Niliyoibana Ndani ya MRI

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Leo nimesimama mwenyewe, sijashikiliwa na mtu, na kwa hilo tu ningepiga vigelegele hadi kijiji cha Kibimba wasikie!

Miaka hii ya karibuni, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa wingi, nilikuwa nauza chai na maandazi pale Kabanga mpakani. Nikafanyiwa upasuaji wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Jina la hospitali silitaji, sikuja hapa kushtaki mtu. Nikarudi kazini. Haukupita muda macho yakawa ya manjano, na ngozi nayo. Wateja wakaanza: "Mama Chai, umeanza kupaka mkorogo?" Nikacheka nao! Mwili unawasha, najikuna kwa mwiko, bado nacheka. Mwishowe homa ikaniangusha, nikapelekwa Mwanza.

Daktari hakunificha. "Mama, mfereji wa nyongo umeumia wakati wa upasuaji. Nikikufungua bila kujua ni wapi, naweza kukupoteza. Lazima tupate picha ya MRI, ile mashine ya sumaku inayoona ndani ya mwili."

Niliogopa, nawaambieni. Nikavua pete, hereni, hata vibanio vya nywele, nikaingizwa ndani ya bomba la mashine hiyo. Linagonga kama mafundi wanaezeka bati! Mtaalamu wa picha akasema: "Vuta pumzi, ibane, usitikisike." Kidonda cha upasuaji kikauma, nikaachia. Picha ikatoka na ukungu. Tukarudia, ukungu tena. Nikalia mle ndani.

Ndipo nikamkumbuka yule mama mkimbizi aliyeimba nasi kwenye kwaya yetu hapa kanisani kabla ya kuhamishiwa kambini. Alikuwa akitubonyeza mbavu: "Pumzi ishuke tumboni, mabega yatulie!" Tulimnung'unikia, si mnakumbuka? Basi nikaishusha, nikaibana kama tunamalizia ile amina yetu ndefu. Mtaalamu akapaza sauti: "Safi, mama! Imetoka!"

Picha ilionyesha mahali penyewe, na daktari aliponifungua akakuta mfereji umefungwa na uzi wa upasuaji ule wa kwanza. Akaukata mfereji hapo, akauunganisha na utumbo, nyongo ikapita. Nimepona! Semeni nami, nimepona!

Asante daktari, asante mtaalamu wa picha, asanteni mliowalisha wanangu. Nawe mwalimu wetu wa pumzi, popote ulipo, Mungu akutunze.

Ndugu zangu, ukiona macho ya mwenzako yamebadilika rangi, usimtanie. Mshike mkono, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mimi nusura nife huku tukicheka pamoja.