Baba Ari, Mtunza Mbwa wa Watu

Tarehe 30 Juni 2006 Ndugu Wenseslaus Kimario, ambaye sote hapa tunamwita Baba Ari, anastaafu akiwa na miaka sitini. Amekitumikia kituo chetu cha kutunzia mbwa na paka wa watu wanaosafiri miaka kumi na tisa na miezi minne, tangu Februari 1987. Muda wote huo mimi nimekuwa nikipika chakula cha wanyama hatua chache kutoka mabanda yake, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona, sikusimuliwa.

Kabla ya hapo alikuwa akiogesha ng'ombe kwenye josho la kijiji. Daktari wetu wa mifugo, Ildefonce, alipoacha kazi ya serikali na kufungua kituo hiki hapa Moshi mjini, mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa Baba Ari. Huko kwao Uru walimcheka sana. Walimwita meneja wa hoteli ya mbwa. Jumapili akitoka misa, wenzake humwuliza kwa sauti mbele ya watu, "Wageni wako wameshakunywa chai?" Naye hujibu bila kukasirika, "Wameshakunywa, na hawajamsengenya mtu."

Utani aliuweza. Kilichomsumbua ni uvumi. Mjini ilisemwa kwamba mbwa ukimwacha kwetu, usiku anakodishwa kulinda maghala ya kahawa. Wengine walisema tunawapa maganda ya ndizi na nyama tunakula wenyewe. Siwalaumu. Mbwa hawezi kurudi nyumbani akasimulia alivyokaa, basi mwenyewe atajuaje? Baba Ari hakubishana na mtu. Aliondoa kufuli la mlango wa mabanda mchana, akatangaza kwamba mwenye mbwa aje saa yoyote bila kupiga hodi, hata wakati wa kula, afunue sufuria aone. Walikuja kweli, na sufuria zangu zimefunuliwa mpaka na mke wa mchungaji.

Nako Desemba! Kila mtu anapanda mlimani kwao kwa Krismasi, na mbwa wao wanashuka kwetu. Baba Ari anasali misa ya kwanza Uru, anakula kipande cha nyama amesimama, saa nne yupo mabandani. Mkewe, Mama Ari, tunakuomba utusamehe kwa hizo sikukuu kumi na tisa.

Lakini niseme jambo lililonifunza mimi binafsi, ingawa linaniaibisha.

Mwaka 1995 Mwalimu Ndelilio wa mtaa wa Soweto hapa mjini, mama mjane aliyestaafu, alilazwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo. Alituachia mbwa wake Popi, ambaye marehemu mumewe alimlea tangu akiwa mdogo. Nyumbani kwa Mwalimu hapakuwa na mwingine tena, ni yeye na Popi tu. Kufika kwetu, Popi akagoma kula. Tulimpa ugali wa dagaa, akautazama. Tukampa mifupa, tukampa maziwa. Anasogea, anakaa mbele ya bakuli, anamwangalia mtu usoni, basi. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Siku ya nne mbavu zilianza kuhesabika.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nikampelekea Mwalimu mtori, ile supu ya ndizi na nyama, hospitali, naye kabla hajafungua chupa akaniuliza, "Popi anakula?" Nikamjibu, "Anakula mpaka analamba bakuli, Mwalimu." Nilikuwa nimetoka kanisani muda si mrefu, na Biblia ilikuwa mkobani. Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya, ndivyo tulivyolelewa, nami niliona nimefanya jema.

Kesho yake Baba Ari aliposikia nilichosema, hakunigombeza. Alioga, akavaa koti lake la kanisani, akaniambia tunakwenda wote. Njia nzima nilimsihi.

"Baba Ari, mama wa watu ana nyuzi tumboni. Utamuua!"

"Na mbwa akifa, Mama Ezra, tutamwambia nini? Kwamba alikufa ameshiba?"

Tulipofika wodini alimwamkia shikamoo, akavua kofia, akasema moja kwa moja, "Mwalimu, Popi hajala siku tano. Jana ulifichwa kwa huruma tu. Mbwa ni wako, nimeona ujue."

Mimi nilijificha nyuma ya koti lake. Mwalimu akauliza, "Mnampaje chakula?"

"Tunaweka kwenye bakuli, tunampisha ale."

"Mnaweka tu? Kama kuku?" Akaanza kucheka, huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Jamani, kwangu haliwi kitu bila sala. Marehemu alimzoesha hivyo, asiguse mpaka asikie Amina. Sikuwaambia kwa sababu nilijua ninyi ni watu wa kanisa, mtasali!"

Na kweli, sisi wafanyakazi tulisali mezani kwetu kila mchana, ndani ambako Popi hatusikii, lakini kwenye bakuli lake hakuna aliyewahi kufungua mdomo kusali. Tulirudi mbio. Baba Ari alisimama mbele ya banda, akafanya ishara ya msalaba, akasali sala ya chakula yote, maana aliona haya kuikata. Aliposema Amina, Popi aliingiza kichwa bakulini na kulisukuma mpaka ukutani. Nilikuwa na wasiwasi kidogo kama si dhambi, baadaye nikajiambia kinachobarikiwa ni chakula. Mwalimu aliporuhusiwa alimkuta mbwa wake amenenepa.

Tangu siku ile Baba Ari alituwekea sharti moja: likitokea lolote, mwenye mnyama aambiwe siku hiyo hiyo, hata kama ni aibu yetu. Tumepoteza wateja wawili watatu kwa sharti hilo. Waliobaki hawana idadi, na ule uvumi wa maghala siku hizi hausikiki.

Mwezi huu alipokuwa akimalizia likizo yake, funguo zilikuwa kwangu. Jumanne iliyopita paka wa mteja mmoja wa Kwa Sadala, Bwana Filemon, alijikwaruza jicho kwenye waya niliopaswa kuukata wiki nzima nyuma. Daktari alimtibu, akasema atapona. Niliitazama simu, nikaipiga. Nikamweleza Bwana Filemon kila kitu, na ule waya pia. Akasema, "Asante kwa kuniambia, mama. Basi mwacheni hapo hapo, nitakuja Jumamosi kama tulivyopanga."

Baba Ari, kwa niaba ya wenzako wote, asante. Mungu akupe afya na miguu imara ya kupanda shambani, wewe na Mama Ari na watoto. Tunakuombea siku nyingi za furaha nyumbani Uru. Ukishuka mjini pita utuone, na usipige hodi.

Tabitha, Mama Ezra
Jikoni