Mama Pua Anakabidhi Meza ya Kunusia

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mama Pua anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu katika kiwanda chetu cha sabuni. Jina lake halisi limo kwenye faili la ofisi ya utumishi, na nadhani litabaki humo humo, maana hata mumewe akipiga simu mapokezi huomba aitiwe Mama Pua.

Kazi yake ilikuwa kunusa. Wageni waalikwa, msicheke. Kila mchanganyiko wa sabuni, kabla haujapakiwa, hupelekwa kwenye chumba kidogo cheupe mwisho wa korido, na hakuna mche unaotoka getini bila saini ya chumba hicho. Masharti yake tunayajua sote: usijipulizie marashi, usijipake mafuta yenye harufu, usivute sigara, usiingie unatafuna. Mhasibu mmoja alikuwa akifukuzwa pale kila alipokula kitunguu mchana, na siku moja alifukuzwa akiwa bado katikati ya korido. Mhasibu huyo ndiye anayeandika haya, na hana kinyongo.

Pua hiyo haikuanzia kiwandani. Alipokuwa na umri wa miaka saba, nyumbani kwao kulikuja shangazi mtu akiwa amevaa vizuri na kuchangamka kweli kweli. Mtoto akamkumbatia, akanusa, kisha akauliza mbele ya watu wote: “Shangazi, ulilazwa hospitali lini?” Kumbe shangazi alikuwa ametoka wodini juzi yake na hakutaka mtu ajue. Mama mtu aliona aibu, akamfinya binti yake mpaka chozi likamtoka.

Aliyemwokoa ni mjomba wake, aliyekuwa na duka la marashi na mafuta ya kujipaka. Mjomba alimwambia dada yake, “Mtoto huyu msimfinye, mfundisheni.” Tangu siku hiyo, kila akitoka shule alipitia dukani, akafungwa kitambaa machoni na kupewa chupa anuse. Kutaja limau tu hakukutosha. Ilibidi aseme kama ni limau bichi au lililokaa, na kama chupa imefunguliwa leo au zamani. Akikosea, kesho yake anarudia chupa ile ile. Mjomba alimwekea na sharti moja kuhusu wageni: kunusa ruhusa, kutangaza hapana. Nusu ya pili ya sharti hilo hakuishika vizuri sana, kama mnavyojua wenyewe.

Alipoajiriwa hapa akiwa msichana, wenzake walidhani amezaliwa hivyo tu na mambo yamejipa. Hilo lilikuwa linamkera kuliko kitunguu. Alikuwa akisema pua aliyozaliwa nayo ingeishia kumponza kwa mashangazi tu, kama mjomba asingeinoa mapema, kabla haijazoea uvivu. Ndiyo maana akaomba uwanja wetu wa nyuma kila Jumamosi asubuhi, akawa anawachezesha watoto wa wafanyakazi mchezo ule ule wa kitambaa na chupa.

Wengi wao hawakuwa na pua yoyote, na aliwaambia bila kuzungukazunguka. Lakini hakuwaacha hivyo hivyo. Kijana mmoja alikosea chupa zote, ila alipofunguliwa kitambaa alizipanga kwa rangi vizuri mno, akapelekwa siku hiyo hiyo kwa mchoraji wetu, na lebo mnazoziona leo kwenye makaratasi ya sabuni ni kazi ya mikono yake. Binti wa mpakiaji mmoja ndiye aliyewaacha watu midomo wazi. Alinusa chupa ya mdalasini, akasema hii imefungwa kwa kizibo cha chupa nyingine. Ni kweli, vizibo vilikuwa vimebadilishana. Jina la Kizibo likamganda, na Mama Pua hakumwachia tena mpaka alipomaliza masomo na kuajiriwa kuwa msaidizi wake.

Miaka miwili iliyopita Mama Pua aliugua mafua makali. Alirudi kazini mzima, mcheshi kama kawaida, akaingia chumba cheupe. Wote waliokuwemo wakaduwaa. Mwanamke aliyewafukuza nusu ya wafanyakazi wa kiwanda hiki alikuwa amejipaka mafuta ya waridi, kuanzia shingoni hadi viganjani, akidhani ni yale yake yasiyo na harufu, na hakuwa na habari. Kizibo ndiye aliyemshika mkono, akamwambia polepole, “Mama, unanukia.”

Alinusa kiganja kimoja, akanusa na cha pili. Kisha akaangua kicheko, akajifukuza mwenyewe mle chumbani, na moja kwa moja akaenda kumweleza meneja kwamba pua haifanyi kazi. Daktari alisema huenda ingerudi, huenda isirudi. Hadi leo haijarudi.

Uongozi ukafikiria kukifunga chumba na kazi ya kunusa ihamie kiwanda kingine. Mama Pua hakuomba kubaki mezani. Aliomba Kizibo apewe miezi michache, na akasema ikishindikana watafunga wote wawili mlango na kuondoka. Nasema wazi kwamba tuliogopa. Tulimwona akila mchana bila hamu, akitazama sahani tu.

Siku ya kujulikana mbivu na mbichi, lori lilikuwa getini linanguruma. Kizibo akanusa mche wa juu na kusema hapana, mafuta yameanza kuharibika. Msimamizi wa mitambo akanusa, hakusikia kitu. Meneja akanusa, hakusikia kitu. Nami nilinusa, ingawa hakuna aliyeniomba. Sote tukamgeukia Mama Pua. Kwa mazoea akauinua mche hadi puani, kisha akaushusha.

Alimuuliza binti swali moja tu: “Ni kama nini?”

“Kama karanga zilizosahauliwa mfukoni.”

“Basi lori lisubiri,” akasema, na akatia saini ya kuzuia mzigo mzima kwa kuiamini pua ya mwenzake.

Siku chache baadaye miche tuliyoiweka kando ilianza kutoa madoa ya rangi ya chungwa. Msimamizi wa mitambo aliileta mwenyewe kwenye sinia, akicheka, akampa Kizibo mkono. Habari za kufunga chumba hazikusikika tena. Mama Pua aliyatazama yale madoa akalia, na alipoulizwa analilia nini alisema analia kwa furaha, na tusimsumbue.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nasema asante, Mama. Asante kwa kila mzigo uliouzuia, kwa kila mtoto uliyemwambia ukweli akiwa bado mdogo wa kutosha kuufanyia kazi, na hata kwa kunifukuza mimi. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasumbufu. Jumatatu Kizibo atakaa mezani peke yake, na amekwishanirudisha mlangoni mara moja. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Pua yako umetuachia.